Nimemiliki STI, Evo X, GTI na Mark X: farasi 280 wanatusaidia nini kwenye nchi ya tochi na matuta?

Mzee wa Gia Sita
Wakuu, mdogo wangu kauza korosho zake Masasi, hela ipo, anataka mashine. Kaniuliza mimi kwa sababu nimepita kote huko: Subaru Impreza WRX STI ya 2005, Mitsubishi Evo X ya SST (gia zinajibadilisha zenyewe), Volkswagen Golf GTI Mk5, na kabla ya zote hizo Toyota Mark X 250G.

Ukweli wangu ni huu. STI ukiiwasha alfajiri ule muungurumo unaamsha mtaa mzima. Klachi nzito, mguu wa kushoto unakomaa kama wa mcheza mpira. Ukikanyaga inavuta pumzi kwanza, turbo inajikusanya, halafu unasukumwa mgongoni na mtu mwenye hasira zake. Raha hiyo ni ya kilomita mbili. Mbele kuna kibao cha 50, na chini ya mwembe kuna kijana wa trafiki kashika tochi ya kupima mwendo.

Evo ndiyo inayokata kona kuliko zote. Mlima Kitonga niliipandisha nikaona usukani unajua ninakotaka kwenda kabla sijaamua. Lakini betri na tangi la maji ya waipa wameviweka nyuma, buti imebaki ya kuweka mkoba wa harusi.

GTI ina farasi 200 tu, na ndiyo niliyoiendesha kwa kasi kuliko zote, maana ndiyo pekee niliyothubutu kuikanyaga mpaka chini.

Sasa swali: farasi 280 huku kwetu wana maana gani? (Mark X siizungumzii. Niliiuza kwa dalali wa viwanja, wenyewe wanazipenda.)

Dalali Kigamboni
Nimesoma yote vizuri, nimefika kwenye mabano nikasimama. Dalali wa viwanja kakukosea nini, mkuu?

Mzee wa Gia Sita
Utani tu kiongozi, tusonge mbele.

Dalali Kigamboni
Hatusongi. Mimi dalali, nina Mark X ya GRX130, mwaka wa sita huu. V6, inasukuma kwa matairi ya nyuma, farasi 203, na inakunywa petroli ya kawaida bila kudeka. Nimepeleka wateja Bagamoyo, Mkuranga, Chalinze, suti haijakunjika. Wewe magari manne na bado unaomba ushauri. Nani kati yetu analala usingizi?

Chuma Hakidanganyi
Dalali kapigwa kwenye mfupa 😂😂

Kibaha kwa Mfipa
Turudi kwenye mada. Mwambie mdogo wako STI ushuru wake utamla korosho zote. Injini ya resi ile, TRA hawakuachi.

Flat Four
Hapana. STI ni cc 1994, Evo X ni 1998, GTI ni 1984. Zote ziko chini ya 2000. Mark X ya dalali ni 2499, ndiyo inayoruka juu ya mstari. Kikokotoo cha ushuru cha TRA kinaangalia aina ya gari, cc na umri wake, hakijui turbo ni mdudu gani. Kitakachomuumiza ni ushuru wa uchakavu, gari ya 2005 ni babu.

Ila mimi nina jambo jingine na mleta mada. Umesema STI ya 2005 na muungurumo wa kuamsha mtaa. Ilitoka Japani?

Mzee wa Gia Sita
Japani, ndiyo. Usukani kulia.

Flat Four
Basi haiungurumi hivyo. Ule mlio wa budubudu unatokana na mabomba ya ekzosi yasiyolingana urefu, moshi wa silinda unafika kwenye turbo kwa kupishana. STI ya Japani ya miaka hiyo ina turbo ya njia mbili na mabomba yanayolingana. Inalia vizuri, lakini hailii budubudu. Ama umeibadilisha, ama hujawahi kuimiliki.

Mzee wa Gia Sita
Niliibadilisha. Fundi mmoja alinishauri.

Flat Four
Yaani umetoa kifaa kizuri cha kiwandani, ukaweka kinachochelewesha turbo, halafu unakuja hapa kulalamika turbo inavuta pumzi. Sawa.

Chuma Hakidanganyi
Uzi huu ungelipiwa kiingilio.

Baba Junia
Mimi naona huyo mdogo wako achukue GTI yenye DSG yake, gia zinajibadilisha zenyewe. Mambo ya manyo, gia za mkono, kwa siku hizi ni ya wanaume waliozaliwa zamani, kizazi hiki mguu wa kushoto ni wa kupumzisha tu. Hata shemeji akitaka kuendesha anaendesha.

Mama Turbo
Shemeji yupi?

Baba Junia
Dada usikasirike, nimesema kwa wema. Wanawake wengi hawapendi manyo.

Mama Turbo
Sijakasirika, nimeuliza. Mimi nimejifunzia Canter ya baba, Njombe hadi Makambako, nyuma viazi. Gia ya pili ilikuwa haiingii mpaka uikanyagie klachi mara mbili, na mvua ikinyesha ile tope nyekundu unateremka huku unaomba. Sasa hivi nina Forester ya turbo, manyo. Wewe Baba Junia unaendesha nini?

Baba Junia
Hilo si la msingi.

Mama Turbo
Ni la msingi sana.

Baba Junia
IST.

Chuma Hakidanganyi
😭😭😭

Baba Junia
IST ndogo ya otomatiki ina shida gani? Cheka, lakini ya kwako iko wapi?

Nakuru Ndani
Wasee wa Tanzania salamu. Nimepita tu. Huku kwetu ukisema Subaru mtu anashika mfuko na mwingine anashika roho. Lakini hakuna gari ya Japani imetukuza kama Subaru. McRae, dereva wa rali, alishinda Safari Rally nayo 2002, nilikuwa mtoto, nilimwona na macho yangu.

Flat Four
Ulimwona McRae, hukuliona gari. 2002 alikuwa na Ford Focus. Subaru alishinda nayo 1997, na 2000 Richard Burns naye akashinda nayo.

Nakuru Ndani
Sawa ni 97. Ilikuwa na vumbi.

Mgosi wa Lushoto
Ukitaka Safari, heshima ni ya Mitsubishi. Joginder Singh alishinda na Lancer 1974, akarudia 1976. Mäkinen naye 1996 na 2001. Mleta mada aliyeuza Evo kauza historia.

Nakuru Ndani
Joginder ni wetu, mgosi. Mkenya. Nyinyi mlikuwa mnatazama vumbi likipita.

Mgosi wa Lushoto
Bert Shankland alikuwa mkazi wa nchi gani? 1966 na 1967, mara mbili mfululizo, Peugeot 404. Ulizia kwa babu yako kabla hujajibu.

Nakuru Ndani
Huyo ni mzungu.

Mgosi wa Lushoto
Na McRae alikuwa Mkikuyu?

Kibaha kwa Mfipa
Jamani, korosho za mtu.

Mama Turbo
Niseme kidogo kwa mleta mada, maana nimeendesha Evo ya kaka yangu mwezi mzima na gari yangu naijua. Swali lako limekaa upande. Unauliza farasi 280 wa nini, kama vile tatizo ni tochi. Tochi unalipa faini yake unaondoka. Tatizo ni Jumatatu. Gari kama hizo zinataka uamke nazo: kijiti cha oili uchomoe kila ukijaza mafuta, usizime injini papo hapo ukitoka mbio, ukisikia harufu ngeni usimame hapo hapo. Plagi za Subaru ziko ubavuni, fundi anaingiza mkono asikoona, akichoka anakwambia tatu zimebadilishwa na ya nne "bado nzima". Kaka yangu Evo yake alikuwa anaipenda Jumapili tu. Mkuu, mdogo wako ni mtu wa kuchomoa kijiti cha oili?

Mzee wa Gia Sita
Dada umeongea. Kwa kweli si mtu wa hivyo sana. Lakini atajifunza, gari ikishakuwa yake mtu anajifunza.

Dalali Kigamboni
Ikishakuwa yake ipi? Si ulikuja kuuliza achukue ipi?

Mzee wa Gia Sita
Kwa ujumla nasema.

Dalali Kigamboni
Mkuu, mimi kazi yangu ni kuuza. Mtu akija anasema "kiwanja kina maji kidogo wakati wa masika" najua ni bwawa. Ngoja nikuulize. Mark X uliuza kwa mwenzetu. Evo na GTI?

Mzee wa Gia Sita
Niliuza, zote.

Dalali Kigamboni
Na STI?

Mzee wa Gia Sita
STI ninayo.

Dalali Kigamboni
Iko wapi?

Mzee wa Gia Sita
Ipo kwa fundi kwa muda.

Flat Four
Muda gani?

Mzee wa Gia Sita
Tangu Machi. Nilikuwa natoka Songea, taa ya oili iliwaka kidogo tu, sekunde chache, nikaongeza lita mbili pale pale. Kosa langu, sikuwa nimeicheki. Gari inatembea. Ina kamlio.

Flat Four
Kamlio ka wapi?

Mzee wa Gia Sita
Chini. Ikipata moto. Ukiachia mafuta kinasikika, ukikanyaga kinaisha.

Flat Four
Tok tok tok kwa kufuata mzunguko wa injini?

Mzee wa Gia Sita
Kama hivyo.

Flat Four
Beringi ya konrodi hiyo. Imenoki. Usiiwashe tena hata kuihamishia kivulini, konrodi ikikatika inatoboa bloku.

Mama Turbo
Subiri kwanza. Kwa hiyo mdogo wako hataki ushauri. Wewe ndiye unataka kumuuzia damu yako gari iliyonoki, na ulikuja hapa tumsaidie kuipenda?

Mzee wa Gia Sita
Haijanoki rasmi. Na ningempa bei ya undugu.

Baba Junia
Na mlinicheka IST.

Nakuru Ndani
Bei ya undugu ni ngapi? Nauliza kwa rafiki, tunatafuta gia boksi tu.

Mzee wa Gia Sita
Njoo inboksi.

Dalali Kigamboni
Gia boksi ya gia sita usiitoe chini ya bei, mkuu, ndiyo kitu chenye thamani kilichobaki hapo. Nakutafutia mteja, udalali asilimia kumi. Ni mimi, wa Mark X.