Sare za kwaya na neno "Bwana akipenda"

Swali: Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mimi ni fundi cherehani. Niliahidi sare za kwaya ziwe tayari Jumamosi, Bwana akipenda, lakini umeme umekatika siku mbili na magauni manne hayajapigwa pindo. Je, bado nina deni?

Jibu: Amina. Unalo, mpendwa, kwa sababu Mathayo 5:37 inataka ndiyo yetu iwe ndiyo, na maneno "Bwana akipenda", ambayo Yakobo 4:15 inatufundisha kuyasema kwa unyenyekevu, hayakuwekwa yawe mlango wa kutorokea.

Jibu: Mpigie mwalimu wa kwaya leo, asije akakuta umefunga duka. Zaburi 15:4 inamsifu asiyebadili neno lake hata kwa hasara yake.

Muulizaji: Nimempigia. Nimeazima cherehani ya kukanyaga. Gauni la kwanza limekwisha.