Muuguzi akikosea dawa, ahukumiwe na mahakama au na Baraza lake?

Mchokoza Mada: Wadau, mwaka 2022 mahakama ya Nashville, Marekani, ilimtia hatiani muuguzi RaDonda Vaught. Mwaka 2017 alikusudia kumpa mgonjwa wa miaka 75 dawa ya kumtuliza, akachukua ya kulegeza misuli, na mgonjwa akashindwa kupumua. Aliwekwa chini ya uangalizi wa mahakama kwa miaka 3, wakati leseni alikuwa amekwisha kunyang'anywa. Kwetu Tanzania tunalo Baraza la Uuguzi na Ukunga chini ya sheria ya mwaka 2010, na bado kifungu cha 233 cha Kanuni ya Adhabu kinamgusa anayetoa dawa kwa uzembe. Je, ni haki mtu mmoja aadhibiwe kotekote kwa kosa moja?

Mzee wa Ilala: Dereva wa basi akiua kwa uzembe, hatumpeleki kwenye chama cha madereva, tunampeleka kwa hakimu. Tena tusimkuze muuguzi kupita kiasi, kwani kazi yake ni kutekeleza anachoagiza daktari. Asiyeweza hata kusoma kibandiko cha chupa tumwonee huruma ya nini?

Sista wa Zamu: Shikamoo mzee wangu. La dereva nakuachia, ila hilo la kutekeleza sikuachii. Nimewahi kushika kichupa cha potasiamu, kwa umbo sawa na kile cha maji ya kuchanganyia dawa, huku cheti kikiagiza ichomwe moja kwa moja mshipani bila kuzimuliwa, jambo linaloweza kusimamisha moyo. Nilimpigia daktari, akafoka. Nikaandika kwenye faili kwamba sikuitoa na kwa nini, kisha nikamwita mkuu wa zamu. Ningetekeleza, polisi wangemkuta nani na bomba la sindano mkononi?

Mzee wa Ilala: Marahaba, binti, wala sikukutukana. Ila umekiri mwenyewe kwamba mnaweza kukataa. Basi mkitekeleza agizo bovu, msijifiche nyuma ya koti la daktari.

Wakili Chipukizi: Naona waheshimiwa wanachanganya mambo. Baraza huangalia kama mtu anafaa kuendelea na kazi, mahakama ya jinai huangalia kosa dhidi ya jamii, na fidia ni shauri la madai ambalo mara nyingi humwangukia mwajiri. Kifungu cha 233 hakimnasi kila aliyeteleza. Mwendesha mashtaka hana budi kuthibitisha uzembe wa kiwango cha kuhatarisha maisha au cha kuweza kumdhuru mtu. Hata huko Marekani, jimbo la Kentucky lilipitisha sheria mwaka 2024 kuwakinga wahudumu wa afya na mashtaka ya jinai, isipokuwa penye uzembe mkubwa au makusudi.

Binti Kilosa: Mnagombea vyeo vya watu! Mama yangu alidungwa sindano wodini, na mpaka anaruhusiwa hakuna aliyetueleza ilikuwa ya nini. Nilipouliza, nikaambiwa faili si la ndugu. Hilo nalo linashtakiwa wapi?

Sista wa Zamu: Pole sana, mdogo wangu, mama alistahili kuelezwa kabla ya kudungwa. Lakini mzee bado ana deni langu. Daktari anaagiza dawa kwa simu saa nane usiku, asubuhi anaondoka bila kusaini, na likitokea la kutokea anasema hakuagiza. Hapo koti ni la nani?

Mchokoza Mada: Jamani, swali lilikuwa Baraza au mahakama.

Mzee wa Ilala: Nitalijibu nikimalizana na huyu binti. Agizo la simu msilipokee, kwisha habari.

Sista wa Zamu: Mzazi anavuja damu, mzee wangu. Nimwambie asubiri daktari afike na kalamu?

Mzee wa Ilala: Hiyo ni dharura, mimi nazungumzia siku za kawaida. Usinibadilishie mada.