Mrejesho: Kipima mwanga cha zamani, nimechukua Sekonic L-398

Habari zenu wakuu. Niliuliza hapa nichukue kipima mwanga kipi kati ya Sekonic L-398 na Gossen Lunasix 3, kwa ajili ya kamera yangu ya filamu isiyo na kipimo cha mwanga ndani. Leo naleta mrejesho.

Nimechukua Sekonic. Lunasix inasoma vizuri sana kwenye giza, hilo sipingi, ila ilitengenezewa betri mbili za zebaki za volti 1.35 ambazo hazitengenezwi tena. Ukiweka za kawaida za volti 1.5, vipimo vinapotoka. L-398 inatumia seli ya seleniamu, inayozalisha umeme yenyewe ikipata mwanga, kwa hiyo haihitaji betri kabisa.

Mlinitahadharisha kwamba seleniamu huchoka, hasa ikiingia unyevu, kwa hiyo nilijaribu kabla ya kulipa. Kwanza niliifunika kwa kiganja: mshale ukalala sifuri. Kisha nikatoka nayo kwenye jua kali la mchana, nikaweka ISO 100 (wepesi wa filamu kwa mwanga), nikaelekeza kile kikuba cheupe kinachopokea mwanga upande wa kamera. Mshale ukapanda taratibu ukatulia, nikazungusha duara la namba, ikanipa f/16 (upana wa tundu la lenzi) kwa 1/125 ya sekunde, kama inavyotarajiwa kwenye jua kali. Nilifurahi mno! L-398 nyingine niliyoijaribu kabla yake, jua lilelile, ilitaka f/8, yaani ilikosea kwa stopu mbili nzima (mwanga mara nne zaidi), seli yake imechoka. Niliiacha hapohapo.

Roli ya kwanza imetoka safi, hata picha za kivulini. Ndani ya nyumba jioni mshale hausogei kabisa. Huko napima mwanga kwa simu. Asanteni sana kwa kunisaidia.