Mbegu za nyanya chotara: nikikamua zangu zitaota?

MamaK (Sakina, Arusha):
Habarini wapendwa. Nina nyanya chotara aina ya Anna F1 kwenye ndoo, nimezipanga ukutani upande wa jua. Zimezaa mpaka jirani anachungulia uani. Shida ni pakiti: bei kubwa na mbegu zenyewe za kuhesabu. Nimeacha matunda yaive mpaka yalegee, nikamue mbegu za msimu ujao. Wifi yangu anasema chotara haioti, tena mbegu zake zina sumu. Kuna ukweli hapo?

Kijana wa Njiro:
Dada, zinaota vizuri tu. Kwetu zinaota hadi jalalani. Ila usitegemee tunda lile lile.

Bibi Shamba (Kiboroloni, Moshi):
MamaK, msamehe wifi. Hiyo sumu ameiona kwenye pakiti. Mbegu za dukani mara nyingi hupakwa dawa ya ukungu na kutiwa rangi ili mtu asizile. Za ndani ya tunda lako hazina dawa hiyo.

Sasa kuota. F1 ni mtoto wa wazazi wawili tofauti, kila mmoja ametulizwa vizazi vingi hadi hageuki. Ndiyo maana miche ya pakiti inafanana kama sare za shule. Lakini nyanya hujichavusha yenyewe, kwa hiyo mbegu unazokamua ni wajukuu, na wajukuu kila mmoja anachukua anachotaka: huyu mrefu, yule tunda dogo, mwingine ngozi laini inayopasuka mvua ikinyesha. Kinachouma zaidi ni kinga. Kama kinga ya mnyauko au minyoo fundo ya mizizi inatokana na kinasaba kimoja chenye nguvu, katika kila miche minne mmoja hivi utaikosa, na kwa macho humjui mpaka aanze kunyauka.

Ukitaka mbegu ya kukamua kila mwaka, panda Tanya au Tengeru 97. Hizo si chotara, na zimetoka hapo hapo kwenu Tengeru. Kamua mbegu na maji yake kwenye kikombe, acha siku mbili tatu ule utelezi uchachuke, osha, anika kivulini juu ya sahani. Si kwenye gazeti, zitaganda mpaka uzibandue na kucha.

Lakini kwa Anna uliyonayo, mbona unahangaika na mbegu? Hiyo ni nyanya ndefu, haikomi kurefuka, na lazima unaipunguzia yale machipukizi ya kwapani. Usiyatupe! Chukua lenye urefu wa kiganja, ondoa majani ya chini, chomeka kwenye maganda ya mpunga yaliyochomwa (huku tunayapata kwa wakulima wa mpunga wa Chekereni) au mchanga wenye unyevu, weka kivulini. Wiki moja hadi mbili lina mizizi. Hilo si mjukuu, ni Anna yule yule.

MamaK:
Shikamoo bibi! Na mimi nilikuwa nawapa kuku. Ila huku Juni na Julai baridi ni kali, litashika?

Bibi Shamba:
Marahaba mwanangu. Litachelewa tu. Liweke dirishani ndani, na mchanga usilowe chapachapa, litaoza shina. Chagua mche mzima: jani likijikunja na kupata manjano ukingoni, au kuwa na madoa ya ugonjwa wa bakajani, acha. Chipukizi hurithi kirusi cha mama yake, mbegu mara nyingi haikichukui. Kwa hiyo usiende hivyo misimu na misimu. Baada ya muda nunua pakiti mpya. Kagua pia kama kuna kantangaze, yule kiwavi wa nyanya, huwa anajificha ndani ya jani.

Kijana wa Njiro:
Bibi, na ndoo? Nyanya zangu zinaoza kitako, nyeusi chini.

Bibi Shamba:
Unamwagilia leo, kesho umesahau. Ndoo hukauka haraka, na maji yakikatika madini ya kalsiamu hayafiki kwenye tunda. Mwagilia kidogo kila siku, tandaza nyasi juu, punguza yuria.

MamaK:
Nimekata machipukizi matano, yako kwenye mchanga jikoni. Mbegu nazo nimezikamua, nizipande pembeni nione wajukuu wanafananaje.