Mwanangu anayakimbia mashairi: nianzie wapi?

Mama Wawili, Nakuru

Hamjambo wanajukwaa. Nina mtoto wa kiume wa miaka 8 aliye katika Gredi ya Tatu hapa Nakuru, na dada yake wa miaka 4. Hadithi wanazipenda mno, hata huyu mdogo hakubali kulala kabla sungura hajamhadaa fisi. Tatizo langu ni mashairi.

Muhula uliopita kijana alirudi nyumbani na shairi la beti tano la kukariri kabla ya Ijumaa, na chini yake yalikuwapo maswali: shairi lina mishororo (mistari) mingapi, kila mshororo una mizani (silabi) mingapi, vina (silabi zinazofanana) vya kati na vya mwisho ni vipi, funzo lake ni lipi. Tuliketi mezani hadi saa tatu za usiku. Aliyajibu yote sawasawa kwa kuhesabu vidole, nami nikampongeza, lakini nilipomwomba anisomee shairi lenyewe aliangua kilio. "Mama, si hesabu nimemaliza? Sasa nisome tena ya nini?" Tangu siku hiyo, nikilitaja tu neno shairi, yeye huenda kutafuta viatu vyake atoke nje.

Jambo hili linaniuma kwa sababu mimi nililelewa na mashairi. Marehemu baba alikuwa akinunua Taifa Leo, nami nilikuwa nikiyakata mashairi ya wasomaji kwa wembe na kuyabandika katika daftari, hata yale ambayo sikuyaelewa nusu yake. Ninawaomba ushauri: nimwache kwanza akue, au ipo njia ya kumrudisha? Na huyu wa miaka 4, nimwanzishe vipi ili asije akaangukia shimo lilo hilo?

Mwalimu wa Vihiga

Pole, Mama Wawili, na pole hiyo naitoa nikiwa na haya kidogo, kwa maana mimi ni mmoja wa wanaotoa kazi za namna hiyo. Nina wanafunzi 52 darasani. Mizani husahihishwa kwa dakika moja kila daftari, lakini kumsikiliza kila mtoto akisoma shairi huchukua wiki nzima, basi walimu wengi hukimbilia lile linalowezekana. Silisemi hili kwa kujitetea. Nataka tu ujue kwamba mwanao hakuchukia shairi, bali alichukia fomu aliyopewa aijaze.

Mimi niliibadilisha njia yangu kwa bahati tu. Huku kwetu mvua hupenda kunyesha alasiri, na ikianza kulipiga bati hakuna somo linaloweza kuendelea, kwani hata mwalimu hajisikii. Siku moja, kwa kukosa la kufanya, niliwaambia watoto wakishike kibwagizo, ule mshororo wa mwisho unaorudiwa kila ubeti, peke yake, mimi nitayapigia kelele yaliyosalia. Nilisoma mishororo mitatu ya kwanza ya ubeti kwa sauti yangu yote, na kila nilipofika mwisho wa mleo, yaani ule wa tatu, nikainua mkono, nao wakaupokea ule wa nne kwa kishindo kilichoishinda mvua. Tulilirudia shairi hilo mara nne au tano. Sikuwaambia wakariri chochote, lakini wiki iliyofuata msichana mmoja, tena si katika wale waliozoea kuinua mkono, alilisoma lote kwa moyo huku akifagia darasa.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba uchague shairi lenye kibwagizo kizuri, kisha umpe mwanao kibwagizo hicho tu kiwe mali yake. Usimwombe asome mengine. Likiisha, usiulize funzo ni lipi. Ukishindwa kabisa kujizuia, muulize ni neno gani lililomchekesha.

Nina onyo moja kuhusu maandalizi ya Tamasha la Muziki. Watoto huko hufunzwa kukariri mashairi kwa kutoa macho na kurusha mikono, wote kwa pamoja, na jukwaani jambo hilo huenda likapendeza. Usilifanye kitandani. Mtoto anayesomewa kabla ya kulala anahitaji sauti ya mama yake, ile ile anayoambiwa nayo akanawe miguu.

Babu wa Ahero

Nimesoma na kutabasamu, binti yangu. Mwalimu amesema kweli, nami nitaongeza la kizee.

Umeuliza juu ya mtoto wa miaka 4 kana kwamba bado hajaanza. Ameanza zamani. Sisi Wajaluo tulibembelezwa kwa wimbo ule unaomwonya mtoto kwamba aliaye ataliwa na fisi, na ingawa maneno yake yanatisha yakiandikwa, hakuna aliyewahi kuogopa, kwa sababu mtoto husikia mdundo wa mgongo alioubebwa kabla hajayasikia maneno. Bila shaka nawe una bembelezi za kwenu. Mwimbie hizo, kwa lugha uliyoimbiwa wewe, wala usihofu kwamba zitamchelewesha katika Kiswahili. Sikio likishazoea kwamba maneno yanaweza kupangwa yakarudi pale pale yalipoanzia, Kiswahili kitalikuta liko wazi.

Zamani katika boma la Kijaluo palikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi ambamo watoto walilala, na humo bibi, ambaye tulimwita pim, aliwafunza hadithi, vitendawili, nyimbo na mwenendo. Nilipata mwisho mwisho wa desturi hiyo. Ninalolikumbuka ni giza. Moto ulikuwa umefifia, hakuna aliyeuona uso wa mwenzake, na kila mmoja alingojea zamu yake kwa masikio tu. Nadhani mngejaribu siku moja kuizima taa kabla ya kusoma, au tuseme kabla ya kusema, maana gizani hakuna kitabu.

La pili ni la mashambani. Hapa Ahero tunalima mpunga, na mpunga ukianza kushika punje ndege huja kwa makundi, basi kazi ya watoto ilikuwa kuwafukuza tangu alfajiri. Kila mtoto alikuwa na mwito wake. Wa shamba la kwanza aliutoa, wa pili akaupokea na kuuongeza neno, wa tatu vivyo hivyo, mpaka ukafika mtaroni na kurudi ukiwa umejaa matusi madogo madogo juu ya tumbo la ndege na la yule aliyeuanzisha. Hakuna aliyetuambia kwamba tunatunga. Ukinizungumzia kibwagizo leo, mimi huusikia mwito ule ukirudi juu ya maji ya mpunga.

Mjukuu wa Malenga, Bondeni, Nakuru

Shikamoo, mzee. Nimefurahishwa na yote mliyoyasema, ila naona mizani na vina vinaelekea kusukumiwa lawama visivyostahili, nami siwezi kunyamaza.

Babu yangu mzaa baba alitoka pwani, akaishi na kuzikwa hapa Nakuru, na alikuwa akitunga. Hakupata kunipa shairi lililoandikwa kabla sijalisikia. Alinigonga gotini kwa vidole viwili, mara nane, akapumzika, kisha mara nane tena. Niliijua mizani kwa goti miaka mingi kabla ya kuambiwa kwamba inaitwa mizani, na nilipoambiwa shuleni kuwa mshororo wa tarbia, shairi la mishororo minne kwa ubeti, kwa kawaida una ukwapi (nusu ya kwanza) wa mizani 8 na utao (nusu ya pili) wa mizani 8, nilijiona kama mtu anayeelezwa njia ya kwenda kwao. Mambo yangekuwa mengine kama hesabu ingenitangulia. Kosa la shule ni la mpangilio, Mama Wawili, na ukiitupa hesabu yenyewe utakuwa umemnyima mwanao kitu ambacho watoto wa umri wake hukipenda kuliko sisi, yaani kanuni ya mchezo. Mtoto wa miaka 8 ndiye anayegombana kutwa nzima kwamba fulani amekanyaga mstari. Mwambie kwamba shairi nalo lina mstari usiokanyagwa, uone.

Nimeutunga ubeti huu asubuhi hii kwa ajili yake, baada ya kununua omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni na kufuatwa hadi mlangoni na paka wa jirani:

*Omena wetu ziwani, wadogo kama sindano,*
*Waanikwapo wavuni, hung'aa kama vijino,*
*Paka yupo mlangoni, anatutolea meno,*
*Paka, ngojea jikoni, tukupe wako watano.*

Ugongeni mezani kwanza, bila kuusoma. Kisha usomeni. Kisha, hili ndilo la muhimu, mwache auharibu. Abadilishe neno lolote alitakalo, na sauti yenyewe itamwambia kama mstari umekanyagwa.

Juu ya funzo ninatofautiana na Mwalimu kidogo. Mwana Kupona wa Pate alimtungia binti yake utenzi mwaka 1858, wenye beti zaidi ya 100, naye hakuficha kwamba anausia. Alikuwa mgonjwa, akamwita mtoto aketi karibu na wino na karatasi, akamwambia aliyotaka kumwambia. Ushairi wetu umewaasa watoto tangu hapo na kabla ya hapo, na sioni aibu yake.

Mwalimu wa Vihiga

Sina ugomvi na Mwana Kupona, Mjukuu wa Malenga, lakini tazama alivyofanya. Alimwita kwanza aje karibu. Tena ule ulikuwa wasia wa mama kwa binti yake mmoja aliyekaribia kuishi na mume, wala haukuwa swali la tano la alama mbili. Ninaloliogopa si nasaha iliyomo ndani ya shairi. Ni ile tabia ya kulikamua shairi la paka mpaka litoe nasaha. Nikiupeleka ubeti wako darasani, natabiri kwamba kabla ya mapumziko kutakuwa na mtoto atakayeandika kwamba funzo lake ni tusiwe walafi.

Nitauchukua hata hivyo, kwa idhini yako.

Mjukuu wa Malenga, Bondeni, Nakuru

Chukua, Mwalimu. Na huyo wa ulafi mpe alama zake mbili, maskini.

Mama Wawili, Nakuru

Nimerudi baada ya majuma matatu, na nawashukuru wote. Nilianza na la Babu kwa sababu lilikuwa jepesi na umeme ulikuwa umepotea. Gizani nilimwimbia mdogo wimbo wa mama yangu, na kaka yake, aliyekuwa amejifunika blanketi hadi kichwani ili ionekane kwamba hasikilizi, alinisahihisha neno nililolikosea. Sikusema kitu.

Ubeti wa omena niliugonga mezani kesho yake nikichambua mboga. Aliuliza ninagonga nini, nikamwambia ni siri ya mtu wa Bondeni. Kufikia jioni alikuwa ameushika wote, na dada yake ameshika "watano" peke yake, ambalo hulitamka kwa sauti kuu na kuonyesha vidole vitano, wakati mwingine vinne. Kisha ukaja uharibifu ulioutabiri, Mjukuu wa Malenga. Kijana aliona kwamba watano ni wachache kwa paka, akataka kuweka "tukupe wako kumi". Akagonga. Mkono ukabaki hewani baada ya saba, akautazama kama uliomsaliti, akagonga tena polepole, kisha akasema mwenyewe, "Haijatosha. Na pia haina *no*." Sikuwa nimemwambia juu ya *no*. Labda alikuwa ameyajua haya tangu usiku ule wa kilio na hakuwa na mahali pa kuyatumia.

Sasa anatunga wa kwake, juu ya heroe, wale ndege wa ziwa la hapa kwetu, na ameshikilia kwamba lazima vina viwe vile vile vya omena. Mshororo wa kwanza, kufikia asubuhi ya leo, unasema: "Heroe wetu ziwani, wekundu kama nyanya." Anajua kwamba utao umepungukiwa na mizani moja, tena kina hakikubali. Amekataa nimsaidie. Jana njia nzima ya kwenda shule alikuwa akijigonga pajani na kunung'unika majina ya vitu vyekundu, na dereva wa tuktuk, ambaye hakuulizwa, amempendekezea pilipili.