Elfu mbili ya soda! Mbele ya wageni! Huyu wa Mtaa wa India tumfanyeje?

MtotoWaPatasi:
Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka kwa hasira. Jina simtaji, hakuna haja, watu wa Bagamoyo wote mnamjua. Yule anayevaa miwani ya jua mpaka usiku wa manane, mwenye pale panapouzwa juisi ya ukwaju kwa bei ya mbuzi beberu. Huyo huyo.

Leo asubuhi nimetoka kumpelekea mteja kizingiti, napita zangu Mtaa wa India, patasi zangu kwenye kiroba. Nafika usawa wa pale kwake nakuta mlango umepuliziwa rangi ya dhahabu. Mlango upi? Ule! Wenye maua ya duara juu na mnyororo kwenye miimo. Marehemu fundi aliyenifundisha kazi alikuwa akitupeleka pale tukiwa wanagenzi, anatuambia tupitishe kidole kwenye ncha ya kila jani, tujue patasi iliingia kwa upande gani. Leo nimepitisha kidole, hakuna ncha. Rangi imejaa kwenye mikato yote, majani yamekuwa mabonge. Na kwenye mfaa, katikati kabisa ya mlango, kapigilia kibao cha waifai kwa misumari ya inchi tatu. Mbao imepasuka toka msumari wa juu mpaka wa chini.

Hajaishia hapo. Ukuta wa pembeni, ule wa mawe ya matumbawe na chokaa, kaupiga plasta ya saruji, juu yake kachoresha simba, tembo, twiga na mlima Kilimanjaro. Kilimanjaro, jamani! Mtaa wa India! Mbele yako kuna bahari, kuna majahazi, kuna wavuvi wanashusha samaki, yeye mgeni anamwonyesha theluji!

Nikamuuliza kwa upole kabisa, "Kijana, mlango huu nani kautia rangi?" Hakuniamkia. Mtoto niliyemwona anabebwa mgongoni, shikamoo imemshinda. Akakitazama kiroba changu, akawageukia wageni wake waliokaa pale na glasi zao, akasema kwa Kizungu, halafu akarudia kwa Kiswahili nisije nikakosa hata herufi: "Huyu ni fundi vitanda wa hapa mtaani." Akatoa elfu mbili, akanichomeka kwenye mfuko wa shati. "Mzee, kanunue soda."

Elfu mbili. Ya soda. Mbele ya wageni. Na mmoja akapiga picha! Sasa hivi niko kwenye simu ya mtu, nasafirishwa mpaka Ulaya na elfu mbili inachungulia mfukoni.

Fundi vitanda! Milango niliyochonga imesimama kuanzia Kaole mpaka Mbweni, ipo ya msaji, ipo ya mvule, na hakuna hata mmoja uliorudishwa kwa kupinda. Leo mimi wa kupewa soda!

Na wakati nageuka kuondoka nikamsikia anawaambia wageni kwamba ule mnyororo maana yake humo ndani walifungiwa watumwa. Mafundi waliotulea walituambia mnyororo ni ulinzi wa nyumba, usalama wa waliomo. Historia ya utumwa Bagamoyo ipo na inauma, haihitaji kuongezewa chumvi ili kuuzia juisi. Anauchafua mlango, halafu anausingizia.

Nimekaa barazani tangu asubuhi, chai haipiti. Elfu mbili, wakuu.

Kaole Yetu:
Nilipofika kwenye miwani ya jua nikamjua, nikacheka peke yangu kwenye daladala. Pole sana mzee wangu. Huyo si ndiye aliyewaambia wageni kwamba Livingstone alikaa kwenye kiti chake cha kamba akanywa kahawa? Livingstone aliletwa Bagamoyo 1874 akiwa maiti, watumishi wake Chuma na Susi na wenzao wamembeba toka bara, akalazwa kule misheni. Hiyo kahawa alinyweshwa na nani?

Sitaki Utani:
Elfu mbili umerudisha au umenywea soda? Jibu kwanza hilo, mengine tutajadili.

MtotoWaPatasi:
Nimeitupa mezani kwake, ikaangukia kwenye sahani ya viazi. Usiniulize tena. Tunazungumza mlango.

Sitaki Utani:
Kwa hiyo viazi vimepata kachumbari ya noti. Haya endelea mzee. Ila na mimi niseme ukweli, kitanda cha harusi ya dada yangu umechonga wewe, cha samadari, nguzo nne, maua mpaka miguuni. Fundi vitanda si tusi.

MtotoWaPatasi:
Kitanda nachonga na nitachonga, hakuna aibu kwenye kitanda. Tusi ni namna alivyolisema! Alilisema kama mtu anayefukuza kuku jikoni, ili wale wageni wasije wakanisikiliza juu ya mlango. Na hiyo elfu mbili ndiyo ilikuwa ya kuniziba mdomo.

Bint Magomeni:
Watu wa Bagamoyo mna maneno ya kuonewa. Mlango ni wake, kanunua nyumba, apake hata pinki. Nyinyi milango yenu mingapi mmeing'oa wenyewe mkauza, mkaweka geti la chuma?

Karani wa Zamani:
Hapana dada, hapo umeteleza. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaulinda mlango au fremu ya mbao iliyochongwa nchini kabla ya 1940. Kununua nyumba hakukupi ruhusa ya kuufanya mlango wa namna hiyo utakavyo. Na mji huu si wa juzi, ndio uliokuwa makao makuu ya Wajerumani mpaka 1891 walipohamia Dar es Salaam. Tangu 2006 njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu iko kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO, na Bagamoyo ndiyo mwisho wa njia hiyo. Halafu mtu anakuja na kopo la kupuliza!

La pili ni hiyo saruji, ambayo mimi inaniuma kuliko rangi. Ukuta wa matumbawe na chokaa unavuta unyevu kutoka chini na unautoa kupitia kwenye chokaa. Ukiufunika kwa saruji unyevu hauna pa kutokea, chumvi inakusanyika ndani, plasta inatoka vipande na inaondoka na jiwe la nyuma. Boriti zinaoza hujui. Mzee, mpe misimu kadhaa ya masika, huyo twiga wake atadondoka shingo kwanza.

Rangi Saba:
Basi na mimi niseme. Twiga nimechora mimi.

Msinirukie. Mimi ni mchoraji, nimeambiwa chora simba nikachora simba. Kilimanjaro niliikataa, nikamwambia bosi hapa tuchore jahazi, tuchore ngoma, tuchore wale mama wa mwani, akasema mgeni kalipia Afrika anataka kuiona Afrika. Nikachora. Kalipa simba nusu, tembo hajalipa, twiga ndiyo kabisa, kila nikienda naambiwa rudi Ijumaa. Mzee wewe umepata elfu mbili na unalia, mimi sijapata hata hiyo ya soda!

Sitaki Utani:
😂😂😂 Twiga wa mkopo.

MtotoWaPatasi:
Kijana, sikulaumu kwa kuchora, nakulaumu kwa ukuta. Ungemwambia akupe mbao.

Rangi Saba:
Mbao! Hivi nyinyi wachongaji mnatuonaje? Marehemu Edward Saidi Tingatinga alianza na kipande cha hadibodi na rangi za baiskeli, 1968, kule Oysterbay, alikufa 1972, na leo dunia nzima inajua Tingatinga ni Tanzania. Toka hapo Mwenge mpaka Bagamoyo mgeni akishuka kwenye gari anaulizia picha ya Tingatinga. Lakini nyinyi mkituona na brashi mnasema "wale wapaka rangi". Mlango wako mmoja unauza kwa milioni, mimi picha nimechora siku nzima mgeni anataka apewe na ya pili kama nyongeza. Dereva aliyemleta naye anataka kamisheni. Halafu kuna wale wanaochapisha picha zetu kwenye turubai kwa mashine na kuzining'iniza kandokando ya barabara kama khanga, bei ya kutupa, na mgeni hajui tofauti. Hilo ndilo la kufungulia uzi.

Kaole Yetu:
Hiyo ya picha za mashine ni kweli kabisa, nimeziona nyingi. Ukipitisha kucha hakuna mstari wa brashi.

Mvuvi Mstaafu:
Samahani, nyote mnasema simba katoka wapi Bagamoyo. Simba wapo Saadani, na Saadani si mbali na hapa, hifadhi imefika mpaka baharini. Twiga wapo, tembo wapo. Tatizo ni mlima tu.

Sitaki Utani:
Na hiyo elfu mbili aliyopewa mzee ina picha ya simba vilevile, na nyuma kuna Ngome Kongwe ya Zanzibar. Jamaa kampa mzee uchoraji na mambo ya kale kwa pamoja, bado analalamika.

MtotoWaPatasi:
Cheka tu. Siku wakikuchomekea wewe mbele ya watoto wako ndiyo utaandika mashairi. Kaichomeka KWA MKONO WAKE, wakuu, hakunipa mkononi. Mfukoni! Kama fundo la kupeleka kwa mganga!

Mwana Ngamiani:
Mnapigana mambo ya rangi, mshukuru kwamba mna mlango wa kupaka. Njooni Tanga. Pale Tongoni, barabara ya kwenda Pangani, kuna msikiti wa kale na makaburi zaidi ya 40, mengine ya nguzo. Nguzo nyingi zimeshalala chini, na bahari inakuja inajimegea kila msimu. Pale Bombo lile jengo la zamani la hospitali ya Mjerumani, juu ya bahari, mandhari ambayo mtu angelipa kuiona, popo ndio wapangaji. Wageni wanapita na magari yao kwenda Pangani, vioo vimepandishwa, hata kibao cha kuwaambia simameni hapa hawakioni. Nyie mnapewa hata elfu mbili. Sisi hatupewi hata salamu.

Bint Magomeni:
Tanga kila uzi lazima waje na hospitali yao.

Mwana Ngamiani:
Tutakuja mpaka ikarabatiwe. Na si hiyo tu, dada. Watu wanaacha nyumba za mbao na mabaraza kule Ngamiani zinabomolewa, zinajengwa ghorofa za vioo vya bluu. Baraza lilikuwa la bao, la kahawa, la kupokelea mgeni wa njiani. Kioo cha bluu unakaa wapi?

Karani wa Zamani:
Hapo nakuunga mkono. Baraza ndilo jengo lenyewe, ukilitoa mtaa unabaki kuta tupu.

Mbao za Muheza:
Habarini. Kwa wanaotaka kuweka milango ya asili, msaji upo, mkavu, umekaa vizuri. Karibuni.

MtotoWaPatasi:
Wewe msaji wako umeshaniuzia mwaka juzi, ulikuwa mbichi unatoa maji kwenye randa. Usijipitishe kwenye uzi wangu. Wakuu, turudi kwenye mada. Nauliza, kuna anayejua dawa ya kutoa rangi ya kupuliza kwenye mchongo bila kula mbao? Nikipewa nafasi niko tayari kwenda kuusafisha ule mlango bure, kwa brashi ya meno, jani kwa jani. Bure! Asinilipe hata senti. Ila ang'oe kibao, na aniamkie.

Mbao za Muheza:
Mzee, mbao haikuwa mbichi, ulinyeshewa kwenye lori. Mimi nilikwambia ufunike turubai.

Dereva Noah:
Lori lenyewe lazima linyeshewe, kwa foleni hii ya kutoka Dar. Mnasema wageni waje waone milango, watafikaje? Mimi nabeba wageni barabara ya Bagamoyo kila wiki. Tuta, tuta, tuta, halafu tuta ambalo halina alama, kichwa cha mgeni kinagonga paa. Wakifika Mtaa wa India hawataki kuona hata mlango wa peponi, wanataka maji baridi na choo. Ndiyo maana yule mwenye miwani anawapata.

Bint Magomeni:
Matuta mnayalaumu lakini mkiachiwa lami mnaua watoto wa shule. Pale Mapinga kabla ya matuta tulikuwa tunazika.

Dereva Noah:
Sijasema yatolewe! Nimesema yapakwe rangi. Nyeupe na nyeusi, mtu ayaone toka mbali.

Rangi Saba:
Bosi, hiyo kazi ya kupaka matuta anatoa nani? Niko siriasi. Nitafutwe inboksi, malipo kabla ya kazi.

Mvuvi Mstaafu:
Halmashauri. Ila utarudi Ijumaa.

Mwana Ngamiani:
Na sisi huku barabara ya Pangani mtupakie, tuta la pale njia panda limeshatoa ekzosi za magari mawili ya shemeji yangu, na hakuna hata fundi wa kuaminika wa kuchomelea. Nani ana namba ya fundi ekzosi Tanga?