MJADALA: Miti iliyopanda juu ya kuta za magofu ya Gede, ikatwe au iachwe?

Bin Malindi
Jamani asalam aleikum na habari zenu. Mwezi uliopita nilikuwa Masvingo kule Zimbabwe, harusi ya jamaa niliyefanya naye kazi zamani, na siku ya pili yake wenyeji wakasema hamuondoki hapa bila kupanda kilima mkaone mji wa wazee wetu, Great Zimbabwe. Tukapanda. Kinjia chenyewe kimebanwa na majabali mpaka pengine unapita kiubavu, na mi nilivaa kandambili, ujinga wangu, lakini ukifika juu unaona bonde lote na ule ukuta wa duara kule chini, kuna mahali unafika mita 11 kwenda juu, mawe matupu yamepangwa bila chokaa. Na watu hao walikuwa wakifanya biashara na sisi wa pwani, sarafu ya sultani wa Kilwa iliokotwa hapo hapo. Sasa kilichonigonga ni hiki: miti iko, hata ndani ya duara iko, ila juu ya ukuta pale nilipopita sikuona mti.

Nimerudi, Jumapili nikawapeleka watoto Gede, yale magofu ya mji wa kale wa Waswahili hapa karibu na Malindi. Mzizi mnene kama paja umeshuka ukutani kama nta ya mshumaa, na pembeni ya mlango mmoja wa tao kuna ufa nikatia vidole vinne vikaingia vyote. Mji una umri wa tangu karne ya 12 hivi, una kaburi limeandikwa mwaka kabisa, 802 Hijria, yaani 1399, una kasri, una msikiti wa Ijumaa, visima, vyoo vya ndani wakati huo!! halafu tunauachia mizizi imalizie? Hoja yangu ni moja, mti ulio juu ya ukuta ukatwe, ulio kando ubaki. Mwasemaje?

Mtembezaji
We Bin Malindi hiyo kazi ya kutembeza wageni hujaifanya. Mi nimeifanya miaka tisa. Mgeni kuta anazo kwao, tena za mfalme aliye hai. Akishuka kwenye tuktuk picha ya kwanza ni ule mti uliokumbatia ukuta, ya pili ni kima akimnyang'anya mwenzake ndizi, ndo aje aniulize hii ni nyumba ya nani. Hapo nikianza Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Pesa za Kichina, kwamba hayo majina yametokana na vitu vilivyochimbuliwa humo ndani, anasikiliza kwa heshima tu, macho yako juu kwenye matawi. Ukikata miti unabaki na kiwanja cha mawe jua la saa sita kichwani, nani atakaa huko saa nzima?

Dada wa Watamu
Mtembezaji amesema kweli ila tusifanye kila kitu ni mgeni mgeni. Sisi tulipelekwa na shule darasa la sita, nakumbuka baridi ya mle ndani mpaka leo.

Mwana wa Kaya
Mimi Mgiriama na nitasema bila kuzunguka. Kaya zetu, yaani vijiji vya kale vya sisi Mijikenda, nyingi ziko juu ya vilima, wazee walijenga huko wakizungushiwa msitu, watu walishahama kitambo, nyumba hazipo, na bado hakuna mwenye akili timamu atakayeingia na panga kukata mti. Msitu ndio uliolinda mahali. Dunia yenyewe ilikubali 2008 ikaziweka baadhi ya kaya kwenye urithi wa dunia. Gede si kaya, najua, lakini bibi yangu alikuwa akipita karibu na pale anashusha sauti, alisema mna wenyewe mle. Ule mti haujavamia mji. Mji ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 17, mti ukaja kukaa na waliobaki.

Abu Fulani
Waliobaki kina nani? Pale pana misikiti na makaburi ya Waislamu ndugu yangu, mambo ya mizimu tuyaache. Mahali pa ibada panasafishwa, hapaachiwi majani.

Mwana wa Kaya
Haya, na watu wa Shela kule Lamu wanaovuka na boti mpaka magofu ya Takwa kisiwani Manda kuomba mvua kwenye kaburi lenye nguzo, nao utawaambia nini? Watu wakishahama mahali haina maana mahali pamekufa, ni hilo tu nasema.

Abu Fulani
Wale wanaomba Mungu.

Mwana wa Kaya
Na bibi yangu pia.

Fundi Chokaa wa Amu
Wanangu poleni na joto. Mimi ni mwashi Lamu, nimezirekebisha nyumba za mawe tangu kijana, na naona hapa mwagombana juu ya mti wakati hakuna aliyeuliza habari za ukuta. Ukuta wa Gede si kama wa huko Zimbabwe. Ule mawe yamelaliana yenyewe kwa yenyewe, huu wetu ni mawe ya matumbawe na chokaa, na kilichoshika ni ile chokaa. Mzizi ukishaingia katikati, huo nao umekuwa sehemu ya ukuta. Bin Malindi ukiukata mti juu, mzizi ulio ndani utaoza polepole, ukishaoza pale ulipokuwa pabaki tundu, masika yaja, maji yaingia tunduni, na siku moja asubuhi ukuta umelala chini na wewe uliukata mti ili kuuokoa. Nimeyaona haya kwa macho yangu kwenye nyumba ya mtu aliyekuwa na haraka. Ukiamua kukata lazima uwe na fundi wa kufuata kila mzizi na kujaza nyuma yake kwa chokaa ya kuchoma, si saruji. Saruji ni ngumu kuliko jiwe la tumbawe, haipumui, unyevu wakaa nyuma yake jiwe lamung'unyika. Kazi ya mti mmoja huenda ikawa miezi. Nani atalipa?

Bin Malindi
Mzee fundi nimekaa kimya kidogo hapo. Kwa hivo tuache?

Fundi Chokaa wa Amu
Sijasema uache. Mkubwa muache, mupunguze matawi upepo wa kusi usiutikise maana ukitikisika na ukuta watikisika. Lakini nenda utazame juu ya ukuta, usitazame mizizi. Uhesabu miche.

Mtembezaji
Na pia tukumbuke Gede imeingia urithi wa dunia Julai 2024, panga haliinuliwi tu kwa sababu watu wamekubaliana huku.

Dada wa Watamu
Na wale wa vipepeo je? Mradi wa Kipepeo uko hapo hapo langoni tangu 1993, watu wa kandokando ya msitu wa Arabuko Sokoke wanafuga viwavi mpaka wajifunge kuwa pupa, ndizo wanazouza nje, shangazi yangu kasomesha watoto wawili kwa hiyo. Mkianza kusema miti ni adui wa magofu kesho mtasema na msitu.

Bin Malindi
Hakuna aliyesema msitu dada. Nimeenda jana, mvua ilikuwa imepiga usiku. Nilisimama kwenye ukuta mmoja tu ule mfupi ulio usawa wa kifua, mikono nimeifunga nyuma kama mtoto wa madrasa nisije nikaambiwa nagusa, nikahesabu. Miche 23. Mingine ina majani mawili tu, mzizi kama uzi, mtoto wangu wa miaka sita angeing'oa kwa vidole bila kokoto kuanguka. Ile iliyopasua mlango nayo ilianza hivi hivi. Kwa hivo nabadilisha hoja: mikubwa ibaki na fundi aitazame, miche ing'olewe kila baada ya masika, vijana wetu wa hapa Gede walipwe kwa kazi hiyo. Mwana wa Kaya hapo tumekubaliana?

Mwana wa Kaya
Hata mche wa mbuyu?

Bin Malindi
Ukiwa juu ya ukuta, hata wa mbuyu.

Mwana wa Kaya
Basi bado.